Presha ni 150/96 na sisikii chochote: kiharusi cha baba na usahaulifu wa shosho vinanihusu aje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kasarani, miaka 43. Babake alipatwa na kiharusi mwaka jana akiwa na 64, mkono na mguu wa kulia bado ni mzito na maneno hayatoki vizuri. Shosho yake, mamake huyo mzee, siku hizi anauliza swali moja mara tano na kuna siku aliacha gesi ikiwa wazi. Yeye mwenyewe alipimwa kwa kambi ya matibabu ya kanisa akaambiwa 150/96, lakini kwa vile kichwa hakimuumi akaona pengine ni mashine. Sasa anauliza: hii kitu iko kwa damu ya familia? Anaweza kuizuia na chakula, kama kitunguu saumu na ndimu, na mazoezi bila kuanza dawa, manake ameambiwa ukianza hauachi? Ameze aspirini kila siku kama jirani yake? Na ile michezo ya akili ya kwa simu inasaidia mtu asisahau?

Dada, pole kwa ya mzee. Umeuliza maswali manne lakini kitu imenishtua si baba wala shosho, ni hiyo 150/96 umeitaja ukipita tu, halafu ukaendelea na maneno ya kitunguu saumu. Wacha nianze hapo, manake majibu ya hayo mengine yote yanategemea hiyo namba.

Kwanza tuhakikishe ni ya kweli. Kwa kambi watu wanapimwa wakiwa wametoka kupiga foleni kwa jua, wanaongea, mkono unaning'inia, sweta haijatolewa, na hiyo yote inapandisha. Rudia kwa siku mbili tofauti. Kojoa kwanza, usinywe kahawa nusu saa kabla, kaa kwa kiti umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, tulia dakika tano bila simu na bila stori, mkono uwe juu ya meza usawa wa kifua, ile mpira ifungwe kwa ngozi si juu ya nguo. Pima mara mbili uandike zote. Hospitalini tunasema presha iko juu kuanzia 140/90, ukipima nyumbani ni 135/85. Na hauhitaji kulipa pesa nyingi, kemia nyingi za mtaani (maduka ya dawa) wanapima, na wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita kwa nyumba walianza kupewa vifaa na serikali mwaka wa 2023 na mashine ya presha iko ndani ya hiyo begi. Akipita usimwambie kwa mlango ati sisi tuko sawa, mwambie apime.

Kuhusu kutosikia kitu: presha haina dalili. Kichwa kuuma si kipimo cha presha, kuna watu wako na 180 wanacheza na watoto na kwenda kazini kama kawaida mpaka siku moja. Ule uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa 2015 hapa Kenya ulipata karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa maisha yao yote. Kwa hivyo hauko peke yako, uko kwa ile nusu yenye bahati ya kujua.

Sasa shosho na baba wanaingia aje hapo. Ndani kabisa ya ubongo kuna mishipa midogo, myembamba, inatoka moja kwa moja kwa mishipa mikubwa, kwa hivyo inapokea msukumo wa damu bila kitu ya kuupunguza njiani. Presha ikikaa juu miaka na miaka, kuta za hiyo mishipa zinakuwa ngumu na nene, njia inakuwa nyembamba, halafu moja kati ya mambo mawili inatokea: inaziba ama inapasuka. Zote mbili ni kiharusi. Duniani kwa jumla ile ya kuziba ndio nyingi, lakini kwetu Afrika ile ya kupasuka inachukua sehemu kubwa kuliko Ulaya, na sababu kubwa ni presha ambayo haijatibiwa. Mzee wako kuharibikiwa upande wa kulia pamoja na maneno inaonyesha ilipiga upande wa kushoto wa ubongo, ndio lugha hukaa kwa watu wengi.

Lakini kuna zile kuziba kwingine kudogo kudogo ambako hakuangushi mtu. Hakuna mdomo kupinda, hakuna kulazwa, unaweza pata nazo kadhaa na usijue mpaka siku ukipigwa skani ya kichwa kwa sababu nyingine. Zikijumlika, mtu anaanza kuwa mzito wa kufikiria, anatembea kwa hatua fupi, anashindwa kupanga mambo alikuwa anapanga, anasahau. Hiyo ni dimenshia (ugonjwa wa kusahau) ya mishipa. Ile inaitwa Alzheimer's ni tofauti, hiyo ni protini zinajikusanya kwa ubongo, na ndio nyingi zaidi, lakini ukiangalia ubongo wa wazee unapata mara nyingi zote mbili ziko pamoja na moja inaharakisha nyingine. Na haya hayaanzi mtu akiwa na 80. Mabadiliko ya Alzheimer's huanza miaka 15 mpaka 20 kabla ya mtu kusahau kitu ya kwanza. Ndio nasema 43 si mapema, ni wakati wenyewe. Presha ya mtu wa miaka 40 na 50 ndio inahusiana zaidi na kusahau kwa baadaye, kuliko presha anayopimwa akiwa mzee kabisa.

Kuna hesabu moja tunaitumia sana, ilitoka 2002 kwa kukusanya tafiti za watu karibu milioni moja: kati ya miaka 40 na 69, kila namba ya juu ya presha (ile kubwa) ikipanda kwa 20, hatari ya kufa na kiharusi inaongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hivyo mtu wa 155 na mtu wa 135 si majirani, wako mbali sana.

Je, iko kwa damu? Kiasi. Ukiwa na mzazi amepatwa na kiharusi hatari yako inapanda, na kuna jeni inaitwa APOE ambayo aina yake moja inaongeza uwezekano wa Alzheimer's. Lakini familia pia hurithishana sufuria. Mnakula chumvi ile ile, mnakaa vile vile, mnaogopa hospitali vile vile. Kuna utafiti ulilinganisha Wayoruba wazee wa Ibadan kule Nigeria na Wamarekani weusi wa Indianapolis, ukachapishwa 2001, na wale wa Ibadan walikuwa wanapata dimenshia kwa kiwango cha chini ya nusu ya wale wengine, 1.35 kwa mia kwa mwaka dhidi ya 3.24. Watu wenye asili inayokaribiana, maisha tofauti. Ile kamisheni ya jarida la matibabu la Lancet 2024 ilihesabu mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, na ikasema karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa ama kucheleweshwa yakishughulikiwa. Sasa hiyo asilimia 55 iliyobaki siwezi kukuahidi kitu, kuna watu wameishi vizuri kabisa na wamesahau majina ya watoto wao. Lakini kwa kiharusi habari ni nzuri zaidi: utafiti mmoja uliofanyika kwa nchi 32 ulipata mambo kumi tu yanabeba karibu asilimia 90 ya hatari, na presha ndio ya kwanza kwa hiyo orodha, mbali na zingine.

Haya, dawa. Hii maneno ya "ukianza hauachi" imeua watu wengi hapa Nairobi kuliko hata sijui nini. Dawa ya presha haikuzoei kama pombe. Ukiiacha presha inarudi juu kwa sababu ugonjwa bado uko, si kwa sababu dawa imekufanya mtumwa. Na kuna watu tunawapunguzia, hata wengine tunawaachisha, wakipunguza kilo na chumvi kwelikweli. Wewe ikithibitishwa iko 150, na mzazi ameshapigwa, mimi ningekuanzishia dawa na mabadiliko ya maisha kwa pamoja, singekuambia ati nenda ujaribu ndimu miezi sita kwanza. Amlodipini, moja ya dawa za presha, ni ya bei nafuu, inaweza kuvimbisha miguu kidogo, ukiona hivyo rudi ubadilishiwe, usiache kimya kimya. Kama bado una mpango wa mtoto mwambie daktari kabla hajaandika, kuna dawa za presha hazifai mimba kabisa, na umwambie pia kama ulipata presha ukiwa mjamzito, manake hiyo yenyewe inaongeza hatari ya kiharusi baadaye. Kuna utafiti wa Marekani wa watu zaidi ya elfu tisa, kuanzia miaka 50, walilinganisha kushusha presha chini ya 120 na kuishusha chini ya 140, na wale wa chini ya 120 walipata ile hatua ya mwanzo ya kusahau kwa asilimia 19 pungufu. Kwa dimenshia yenyewe tofauti haikuwa ya uhakika. Lakini mimi hiyo ya 19 inanitosha kumeza tembe moja asubuhi.

Kabla sijasahau, unameza dawa gani ya maumivu? Hili swali huwa nauliza kila mtu wa presha na mara nyingi jibu linakuja baada ya kimya. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha, na zinapigana na dawa za presha, na hapa mtaani watu wanazinunua kemia kama peremende kwa mgongo, magoti, hedhi. Tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni pia zinaweza kuipandisha. Miraa na muguka the same, moyo unakimbia na presha inapanda nao. Kuna watu wamebadilishiwa dawa mara tatu kumbe shida iko kwa mkoba.

Chumvi sasa, na hapa nitakaa kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni kila kitu, pamoja na ile iko ndani ya mkate na soseji. Watu wananiambia "daktari mimi situmii chumvi mingi" na wanasema ukweli wao, hawaongezi mezani. Lakini tuhesabu siku ya mtu wa Nairobi. Asubuhi mkate, saa nne smoki ya barabarani na kachumbari imenyunyiziwa chumvi, mchana chipo zimetikiswa chumvi mpaka zinang'aa ama supu yenye vikyubu vya mchuzi, jioni sukuma imewekwa chumvi na juu yake ile unga ya mchuzi ambayo yenyewe kubwa yake ni chumvi. Jumapili nyama choma na kale kamlima ka chumvi kwa ubao. Noodozi za pakiti, kile kijipakiti cha ndani peke yake kinaweza kumaliza sehemu kubwa ya siku yako.

Fanya hivi. Nunua pakiti ya nusu kilo ya chumvi, andika tarehe juu na kalamu. Mkiwa wanne kwa nyumba, gramu 5 kila mtu ni gramu 20 kwa siku, hiyo pakiti ingeisha kwa siku 25 kama hamli chumvi kutoka mahali pengine popote. Lakini mnakula mkate na vya barabarani, kwa hivyo inafaa iende zaidi ya mwezi bila shida. Ikiisha kwa wiki mbili hakuna haja ya kubishana na mimi. Punguza polepole, robo kila wiki, ulimi unazoea ndani ya wiki chache, weka dania, tangawizi, vitunguu, pilipili, ndimu, hapo ndio hiyo ndimu yako inafanya kazi. Na chagua kati ya vikyubu na chumvi, si zote mbili kwa sufuria moja. Kule vijijini China walijaribu kitu rahisi, wakabadilishia watu chumvi ya kawaida na ile ambayo robo yake ni chumvi ya potasiamu, watu karibu elfu 21 kwa vijiji 600, na viharusi vikapungua kwa asilimia 14, majibu yalitoka 2021. Hiyo chumvi ukiipata kwa duka kubwa ni sawa, isipokuwa uwe na shida ya figo ama dawa fulani za presha, uliza kwanza. Potasiamu pia iko kwa chakula chetu cha kawaida, maharagwe, ndizi, viazi vitamu, parachichi, na mboga za kienyeji, managu, terere, kunde, ambazo tunaziita chakula ya ushago kama ni matusi.

Kitunguu saumu kula, hakina shida, kinashusha kidogo tu na hakitoshi kwa 150.

Mazoezi sina maneno mengi. Dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka, ile kasi unaweza kuongea lakini kuimba hauwezi. Shuka stage moja kabla ya yako asubuhi na jioni, hiyo imeisha. Msitu wa Karura ni mzuri kama uko na wikendi na nauli, lakini mtu asikwambie ati bila Karura hakuna mazoezi. Kilo ulizonazo zikipungua, presha inashuka karibu pointi moja kwa kila kilo. Pima sukari na mafuta ya damu mara moja ujue umesimama wapi. Sigara acha, hiyo hata sielezi. Pombe, shida kubwa hapa ni ile ya Ijumaa hadi Jumapili, mtu haigusi siku nne halafu anakunywa ya wiki nzima kwa usiku mmoja. Ukikoroma sana na unaamka umechoka, sema hospitalini, kukosa pumzi usingizini kunapandisha presha na dawa zinashindwa. Jiko la makaa lisikae ndani ya nyumba imefungwa, moshi nao uko kwa ile orodha ya 14. Na boda, vaa helmeti, kugonga kichwa vibaya kunaongeza hatari ya dimenshia, najua ile helmeti ya abiria inanuka, beba kitambaa.

Michezo ya akili ya simu haina ubaya ila usiitegemee. Mtu anacheza anakuwa hodari wa huo mchezo, basi. Kule Finland walichukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 wenye hatari ya kusahau, wakawapa vyote pamoja miaka miwili, chakula, mazoezi, mafunzo ya akili, na kufuatilia presha na sukari, na akili zao zilibaki bora kidogo kuliko za wenzao, majibu yakatoka 2015. Vyote pamoja, si simu peke yake. Ningependa ujiunge na kwaya kuliko upakue programu, manake kwaya ina watu, ina kukariri, ina kutoka nje ya nyumba, na upweke wenyewe uko kwa orodha. Masikio nayo watu wanayapuuza. Kupoteza kusikia ni moja ya mambo makubwa kabisa kwa ile orodha ya Lancet, na sisi tunapanda nganya, ile matatu yenye spika chini ya kiti kila siku miaka ishirini, halafu tunashuka tunaweka iyafoni. Punguza sauti, kaa mbele.

Aspirini: hapana. Kwa mtu ambaye hajawahi kupata kiharusi wala shida ya moyo, kuimeza kila siku kunaleta kutokwa damu tumboni na hata kichwani, na kwa mwenye presha haijashuka ndio mbaya zaidi. Waliwapa wazee wazima zaidi ya elfu 19 Australia na Marekani, majibu ya 2018, haikuwaongezea maisha bila dimenshia wala ulemavu, ikawaongezea kuvuja damu. Jirani yako pengine aliandikiwa kwa sababu yake. Babako ni hadithi nyingine, kama yake ilikuwa ya kuziba basi aspirini ama dawa ya aina hiyo pamoja na ya kushusha mafuta ni lazima aendelee nayo, kama ilikuwa ya kupasuka daktari wake ndio anaamua. Tafuta ile ripoti ya skani, soma, uliza ni ipi kati ya hizo mbili. Na apimwe mapigo ya moyo kama yanaruka ruka, mapigo ya namna hiyo huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano na dawa yake si aspirini.

Mzee yuko kwa hatari ya kupigwa tena, kwa hivyo watu wote wa hiyo nyumba wajue: uso ukipinda, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakikorogeka, ama kuona kupotee ghafla, angalia saa hapo hapo ukumbuke mara ya mwisho alikuwa sawa ni saa ngapi. Usimpe maji, usimpe aspirini, usimpe dawa ya presha ya ziada, usimdunge vidole na sindano, usiite mtu wa kuombea kwanza, aombe mkiwa kwa gari. Nenda hospitali yenye mashine ya skani ya kichwa moja kwa moja, si kliniki ya karibu ambayo itakuandikia rufaa. Ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inapewa ndani ya saa nne na nusu, na bila skani hakuna anayeweza kuipa. Sai, ukiwa umetulia, piga simu uulize hospitali gani karibu na Kasarani iko na skani usiku. Ikipita yenyewe baada ya dakika kumi, bado nendeni siku hiyo hiyo.

Shosho naye asiachwe ati ni uzee. Kabla mtu aseme dimenshia apimwe damu, vitamini B12, tezi ya shingo, sukari, na HIV pia hata kama ana miaka 85, aangaliwe masikio na macho, aulizwe kama ana huzuni, na beba dawa zake zote kwa karatasi ya nailoni, manake kuna za mafua, za usingizi na za mkojo zinazosahaulisha wazee na zikitolewa mtu anarudi. Ile gesi fungia kwa mtungi kila baada ya kupika, na apewe kazi ambayo bado anaiweza, kuchambua maharagwe, kukunja nguo. Ukimpeleka, wewe pia nyosha mkono upimwe hapo hapo, na uandike namba.